Rangi ni Shahidi Mmoja Tu

Mwaga nyanya ndogo za aina tano kwenye ungo mmoja, kisha mwite mtu yeyote akutenganishie. Ataanza na rangi. Nyekundu atazisogeza huku, za njano kule, na zile za rangi ya chungwa atazishika mkononi akisitasita. Akimaliza atakuwa na mafungu matatu na uhakika mwingi, na huenda mafungu yote matatu yakawa mchanganyiko mtupu. Nimeishi na nyanya hizi tangu utoto, kwanza milimani Mgeta kwa bibi mzaa mama, halafu Morogoro mjini kwenye kiwanja changu chini ya safu za Uluguru. Misimu yote hiyo imenifundisha kwamba rangi ni shahidi mmoja tu, tena shahidi anayebadilisha maneno kwa kufuata hali ya hewa. Anayetaka kuzijua nyanya ndogo aite mashahidi wengine, na wengi wao wako bustanini muda mrefu kabla tunda halijaiva.

Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama, kwa hiyo shamba la bibi lilikuwa lake kweli, na kila kilichoota humo kilikuwa chini ya macho yake. Mgeta ni nchi ya mboga. Watu hulima kabeji, karoti, njegere na viazi kwenye miteremko ambayo mgeni akiiona hujiuliza jembe linasimamaje, na siku ya gulio Nyandira hufurika watu na mizigo. Nyanya kubwa bibi alizilima kwa ajili ya soko. Ndogo hakuzilima. Ziliota zenyewe kando ya jaa, nyuma ya banda la mbuzi na kwenye kingo za matuta. Hakuzipigia dawa, hakuzisimikia miti, na mvua kubwa ilipoziangusha zile za sokoni kwa baka, hizi za jaani ziliendelea kutupatia kitoweo.

Kuota jaani si bahati nasibu. Mbegu ya nyanya hufunikwa na ute unaoizuia kuota ikiwa bado ndani ya tunda, na ganda lake hustahimili safari ya tumboni, mwa ndege na hata mwa mtu. Mtaalamu wa Marekani Charles Rick, aliyetumia maisha yake kukusanya nyanya mwitu za Amerika Kusini, aliandika pamoja na mwenzake mwaka 1961 kuhusu nyanya za visiwa vya Galápagos ambazo mbegu zake zilikuwa ngumu mno kuota. Walipowalisha kobe wakubwa wa visiwa hivyo matunda yake, mbegu zilizotoka kwenye kinyesi ziliota vizuri. Bibi hakuhitaji kobe. Alikuwa na mbuzi, kuku, kunguru na wajukuu.

Kazi yangu ilikuwa kupalilia kando ya lile jaa, na hapo ndipo shule ilipoanzia. Miche ya jamii moja huota pamoja: nyanya, mnavu, ndulele, wakati mwingine na ngogwe. Mtoto huona majani mabichi tu. Bibi alikuwa akipita nyuma yangu akisema, "Hiki acha, hicho ng'oa, hicho acha." Nilipomuuliza anajuaje, hakutoa hotuba. Alinishika mkono, akanisuguisha jani kwa vidole viwili na kusema, "Nusa." Jani la nyanya likisuguliwa lina harufu kali isiyofanana na ya jani lingine lolote, na huacha rangi ya kijani iliyochanganyika na njano kwenye vidole. Jani la kwanza halisi la nyanya, lile linalofuata yale mawili ya mbegu, huwa limechanikachanika pembeni. La mnavu ni zima, laini. La ndulele lina manyoya ya kukwaruza, na halikawii kuota miiba. Mnavu nao aliuacha, maana ulikuwa mboga. Ndulele ilikwenda.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kunitenganishia nyanya na nyanya. Jaani kulikuwa na namna mbili. Moja ilikuwa ya mviringo, nyekundu, kubwa kidogo kuliko gololi, na aliipika na maharage. Nyingine ilikuwa ya njano yenye umbo la peasi, shingo nyembamba na tumbo nene, na hiyo ilikuwa ya watoto kula mbichi. Zikiiva hata kipofu angezitofautisha kwa kupapasa. Lakini bibi alizitofautisha zikiwa na majani manne, akahamishia za njano karibu na jiko ili tusikanyage matuta kwa tamaa. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitazama: unene wa shina, jinsi jani lilivyokaa, wingi wa manyoya, na mahali mche ulipoota, kwa kuwa alikumbuka ni nani alikula nini na kutupa wapi msimu uliopita. Kumbukumbu ya mahali nayo ni ushahidi.

Nilipohamia mjini nilishuka na mbegu za ile nyekundu. Nilizipanda mwishoni mwa mwaka, joto la Morogoro likiwa limepamba moto, na matunda yalipoiva yakawa ya rangi ya chungwa. Ndugu waliokuja kunitembelea walitoa hukumu palepale: mbegu imebadilika, au imeingiliana na nyingine. Maelezo halisi yamo ndani ya tunda. Wekundu wa nyanya hutokana na kemikali iitwayo laikopini, na tunda huacha kuitengeneza vizuri joto likizidi takribani nyuzi 30 za Selsiasi. Karotini, ambayo ni ya rangi ya njano na chungwa, huendelea kutengenezwa hata kwenye joto hilo. Kwa hiyo aina ileile ambayo Mgeta, kwenye baridi ya milimani, ilizaa matunda mekundu kama kawaida, huku bondeni mwezi wa Januari ilizaa ya chungwa. Ilipofika Juni na ubaridi wake, kichala cha mwisho cha mmea huohuo kiliiva kikiwa chekundu.

Bibi aliposikia habari hizo hakubishana na mtu. Alituma neno nimpelekee kichala kizima pamoja na jani lake, si tunda peke yake. Nilipompelekea aligeuza kikonyo, akahesabu, akapasua tunda moja kwa ukucha, kisha akasema ni ileile. Rangi hakuitaja kabisa.

Kutokana na kichala kile nilianza kuweka daftari, na yafuatayo ndiyo mambo ninayoyatazama leo, kwa mpangilio ninaoufuata.

La kwanza ni mwendo wa mmea. Wakulima wetu husema nyanya fupi na nyanya ndefu, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko kimo. Nyanya ndefu haiachi kukua: shina kuu huenda juu, na kati ya kichala kimoja na kingine kwa kawaida utahesabu majani kama matatu. Nyanya fupi huhesabika jani moja au mawili kati ya vichala, na mwishowe shina lenyewe huishia kwenye kichala na kusimama hapo. Nyanya nyingi ndogo ni ndefu, lakini si zote, na kosa la hapa hulipwa kwa mavuno. Ndefu hupogolewa machipukizi ya pembeni na kusimikiwa mti au kufungwa kamba. Ukiipogolea fupi namna hiyohiyo unaondoa matawi ambayo yangebeba sehemu kubwa ya matunda yake. Kuna pia vibeti, vinavyofaa ndoo na makopo. Kimoja kinachojulikana sana ni Micro-Tom, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1989 na sasa kimejaa kwenye maabara za dunia kwa sababu hakichukui nafasi. Kibeti hujitangaza mapema: mche ukiwa mdogo bado, majani huwa ya kijani kilichoiva, yamekunjamana, na nafasi kati ya jani na jani ni finyu.

La pili ni jani. Nyanya nyingi zina jani lenye meno pembeni. Chache zina jani pana lisilo na meno, linalofanana kabisa na la kiazi mviringo, na si ajabu, kwa kuwa ni ndugu wa jamii moja. Ukiona mche wa jani la kiazi katikati ya kitalu cha jani la kawaida, umeshapata mgeni, huna haja ya kungoja tunda. Upande mwingine iko ile ndogo kuliko zote, nyanya mwitu ya Peru na Ekwado ambayo wataalamu huiita Solanum pimpinellifolium. Jani lake ni dogo, jepesi, halina manyoya mengi, na tunda lake lina upana wa sentimita moja hivi.

La tatu ni kichala. Kitazame kikiwa bado na maua. Je, ni uti mmoja ulionyooka, maua yakipangana kushoto na kulia, au umegawanyika mara mbili tatu na kuwa kama ufagio? Aina iitwayo Sweet 100 imepata sifa kwa vichala vyake virefu vyenye matunda mengi, na nyanya mwitu niliyoitaja hupanga matunda yake kwa safu mbili zilizonyooka. Tazama pia ndani ya ua. Kwenye nyanya nyingi za kulimwa, sehemu ya kike hubaki imefichwa ndani ya bomba la njano la chavua, na ua hujichavusha lenyewe. Kwenye nyanya mwitu na baadhi ya nyanya ndogo, ncha yake huchungulia nje, na nyuki anaweza kuileta chavua ya jirani. Aina yenye ua la namna hiyo naipanda mbali na nyingine ikiwa nataka mbegu yake ibaki safi.

La nne ni tunda, lakini kwa kisu. Nyanya ndogo ya mviringo kwa kawaida ina vyumba viwili vya mbegu. Tunda dogo lenye vyumba vinne au vitano linaniambia kwamba asili yake ni nyanya kubwa iliyodumaa kwa kukosa maji au mbolea. Kiu hupunguza ukubwa, ila idadi ya vyumba haibadilishi kwa urahisi namna hiyo. Kisha namenya ngozi na kuiinua kwenye mwanga. Ngozi ya njano juu ya nyama nyekundu hutoa nyanya nyekundu tuliyoizoea. Ngozi isiyo na rangi juu ya nyama hiyohiyo hutoa nyanya ya waridi. Zile zinazoitwa nyeusi, kama Black Cherry, hazina weusi wowote ndani. Kijani chake hakiondoki tunda linapoiva, na kijani kikichanganyika na wekundu jicho huona kahawia. Natazama pia bega la tunda bichi: aina nyingine huwa na kijani kilichokolea karibu na kikonyo, nyingine ni kijani kimoja mwili mzima.

La tano ni tabia baada ya mvua. Hapa nyanya mbili zinazofanana sana hutengana zenyewe. Sungold, chotara ya rangi ya chungwa iliyotolewa na kampuni ya mbegu ya Tokita ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, hupendwa kwa utamu wake, lakini ngozi yake ni nyembamba na hupasuka maji yakizidi ghafla. Zile zenye tunda refu la umbo la zabibu zina ngozi ngumu na nyama nzito, hukaa mezani siku nyingi, na meno yako hujua tofauti kabla ya ulimi. Utamu nauweka mwisho kabisa. Nyanya ileile iliyomwagiwa maji mengi juzi na iliyonyimwa maji kidogo leo zina ladha mbili.

Mambo haya matano yalinisaidia kumaliza mzozo mmoja. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinunua pakiti ya nyanya ndogo za umbo la zabibu kwenye duka kubwa, akazipenda, akakamua mbegu na kuzipanda. Miche ilipozaa, baadhi ilitoa matunda ya umbo la zabibu, baadhi ya mviringo, na mmoja ukatoa ya njano. Alikuja kwangu amekasirika.

"Wamenichakachulia mbegu," alisema.

"Mwalimu, mbegu umezikamua mwenyewe. Nani kakuchakachulia?"

"Sasa hii ya njano imetoka wapi?"

Tulikwenda kutazama. Majani ya miche yote yalikuwa ya namna moja, mwendo wao mmoja, vichala vyao vimefanana. Hawa walikuwa watoto wa tumbo moja waliorithi tofauti kwa babu na bibi zao. Nyanya nyingi za pakiti ni chotara wa kizazi cha kwanza: mzazi mmoja huku, mwingine kule, na watoto wote wanafanana. Ukichukua mbegu za watoto hao, wajukuu hugawanyika. Gregor Mendel alilieleza jambo hili kwa njegere katika kazi aliyoichapisha mwaka 1866, na nyanya hufuata sheria hiyohiyo. Wekundu wa nyama huufunika unjano, kwa hiyo nyanya nyekundu inaweza kubeba unjano bila kuuonyesha, kisha mjukuu mmoja kati ya wanne, kwa wastani, akautoa hadharani. Umbo la peasi nalo hujificha vivyo hivyo chini ya umbo la mviringo. Nilimwambia Mwalimu kwamba akiupenda ule wa njano achukue mbegu zake peke yake, achague tena msimu ujao na ujao, na baada ya vizazi kama sita hadi vinane atakuwa na aina inayotulia. Alicheka. Alisema amefundisha watoto wa watu miaka mingi, hashindwi kuwalea hawa.

Kuna mashahidi wa uongo pia, na ugonjwa ni mmoja wao. Mmea wenye rasta, yaani ule ambao virusi vinavyoletwa na nzi weupe vimekunja majani yake na kuyafanya madogo na ya njano, unaweza kumdanganya mtu akadhani ni kibeti. Tofauti ni kwamba kibeti huzaliwa hivyo na ndugu zake wote wako hivyo, wakati rasta hushika mmoja hapa, mwingine pale, na mara nyingi huanzia kwenye majani machanga ya juu. Miche iliyokosa fosforasi, au iliyopigwa na baridi ya Mgeta, huwa na zambarau chini ya majani hata kama aina yake si ya zambarau. Kwa hiyo simwamini mche mmoja. Nikitaka kuandika tabia ya aina fulani natazama mimea kadhaa, na ninaandika ile tabia inayojirudia.

Kwa muda mrefu nilidhani namna hii ya kukagua ni ujanja wa kijijini tu. Kisha niliona orodha ya vipimo vya kutambulisha nyanya iliyochapishwa Roma mwaka 1996 na IPGRI, taasisi ya kimataifa iliyoshughulikia uhifadhi wa mbegu za mimea. Wanaotunza benki za mbegu, wakiwemo wale wa Kituo cha Mboga cha Dunia chenye tawi lake Arusha, hawaandiki "nyekundu, ndogo" na kufunga faili. Wanaandika namna mche ulivyo, mwendo wa mmea, umbo la jani, ncha ya ua, bega la tunda bichi, rangi ya ngozi ikimenywa, idadi ya vyumba, kifundo kwenye kikonyo. Ni yaleyale ya kando ya jaa, ila yamepewa namba. Bibi hakuwa na namba. Alikuwa na macho, na macho hayarithishwi mpaka mtu ayatamke.

Hapo ndipo ninapoona pengo la elimu yetu ya bustanini. Tunarithishana mbegu na majina, lakini hatuambiani alama. Mtu anakupa miche kwenye kifuko akisema, "Hii ni ile tamu ya mama," na mwaka wa pili hakuna ajuaye kama kinachozaa bado ni ya mama au ni mtoto wa nyuki na ya jirani. Jina likibaki peke yake linaweza kuhamia kwenye mmea mwingine bila mtu kugundua. Alama zikiandamana na jina, udanganyifu huo unakuwa mgumu.

Kwa hiyo siku hizi nafanya mambo rahisi. Kila mche unapoingia ardhini unapata kibao kilichokatwa kwenye kopo tupu la aiskrimu, nacho nakiandika kwa penseli. Wino wa kalamu nyingi hufutwa na jua kabla ya mavuno, penseli haifutiki. Mbegu nachukua kwenye matunda ya mimea yenye afya tu. Naziweka na ute wake kwenye kikombe siku mbili au tatu mpaka ute uachane nazo, nazisuuza, kisha nazianika kwenye sahani, maana zikikaukia kwenye karatasi hugandamana nayo. Zikitunzwa pakavu na kivulini huota hata baada ya miaka minne au mitano.

Na ninapompa mtu mbegu, kwenye bahasha naandika jina, kisha chini yake mistari mitatu: mwendo wa mmea na majani mangapi kati ya vichala, namna ya jani na kichala, idadi ya vyumba na rangi ya ngozi ikimenywa. Rangi ya tunda naiandika pia, mstari wa mwisho, pamoja na mwezi lilipoiva. Mwalimu alipoipokea bahasha yake ya kwanza alisema imeandikwa kama ripoti ya mwanafunzi. Sasa naye huniandikia za kwake vivyo hivyo, na mara mbili amenirudishia mche akisema haulingani na bahasha. Mara zote mbili alikuwa sahihi.